Kopo la Kifuniko Chekundu

Mikono ya Mama Chupa ilikuwa mizee kuliko uso wake. Uso ulikuwa wa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, lakini mikono, ukiitazama peke yake, ungedhani ni ya bibi aliyekula chumvi nyingi: ngozi imejikunja, kucha zimelika, na katikati ya vidole kuna wekundu usiopona. Maji ndiyo yaliyoila. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiosha vyombo katika maabara ya utafiti: chupa, mirija, mabakuli, na vile vioo vyembamba kama ukucha wa mtoto, ambavyo ukivishika vibaya vinakukata kabla hujajua kama vimevunjika.

Jina la Mama Chupa alipewa na wanafunzi wa kwanza aliowakuta. Wao walikwisha kuondoka, wengine sasa ni wakubwa huko waliko, jina likabaki. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza ni mama wa nani hasa. Na sasa hilo lilimfaa, kwa sababu mwanawe alikuwa ghorofa ya juu yake, na hakutaka ijulikane.

Nyumbani binti huyo aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi. Kaka zake wawili walikwisha kwenda zao, mmoja anaendesha malori, mwingine hajulikani anafanya nini na ni afadhali isijulikane. Baba yao alitoka kununua sigara Kitinda akiwa darasa la pili na bado hajapata duka. Akili yote ya nyumba ile ilimwendea huyu mdogo. Mama yake, aliyeishia darasa la saba, alikuwa akikaa karibu naye akisoma, anamtazama tu, kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike.

Kitinda alipochaguliwa kusomea shahada ya juu katika maabara ileile ambayo mama yake anaosha vyombo, mama alitaka kupiga vigelegele mpaka majirani watoke. Binti alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe la kesho.

"Mama, kuna jambo."

"Sema."

"Kesho ukiniona kazini, usinijue."

"Nisikujue vipi?"

"Usinijue tu. Mimi ni mwanafunzi wa Profesa. Wewe una kazi yako. Watu wana midomo, watasema nimepitishwa mlango wa nyuma."

Mama akacheka. "Apitishwe nani na muosha chupa? Huo mlango wa nyuma wenyewe naufagia tu, ufunguo wake sina."

"Mama, sitanii."

Akamtazama mwanawe usoni, akaona kweli hatanii. Akaona na jambo jingine ambalo hakulipa jina. "Haya," akasema. "Sikujui."

Kesho yake Kitinda alishuka chumba cha kuoshea na sinia la vioo, akaliweka juu ya meza ya saruji. Hakutoa shikamoo, kama wenzake wasivyotoa.

"Mama Chupa, hivi nivikute saa nane."

"Sawa, dada."

Akamtazama akipanda ngazi. Tangu siku hiyo alizijua hatua zake kupitia dari. Viatu vya Kitinda vilipiga haraka haraka, kisigino cha kulia kizito kidogo. Siku kazi yake ikienda vibaya, vilizunguka mahali pamoja.

Na kazi ilikuwa inakwenda vibaya. Jumapili moja Kitinda alikuwa na moyo mweupe, jambo la nadra, wakakaa mlangoni wakimenya viazi, akamweleza mama yake anachokifanya. Mwili wote, alisema, ni seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina ngozi yake, laini kama mafuta yanayotanda juu ya supu. Ndani ya ngozi hiyo zinaelea protini, na nyingine ni milango: huu unapitisha sukari, ule unapitisha chumvi.

"Mlango ukiharibika mtu anaugua. Lakini utaujuaje umeharibika na huuoni? Ndiyo nikatengeneza rangi. Ni kitu kidogo sana, mama, kidogo mara nyingi kuliko hiyo protini yenyewe. Nimekiumba kiingie palepale kwenye mlango kama ufunguo kwenye tundu lake. Kikiwa kinaelea hovyo, kimezimika. Kikishika, kinawaka buluu. Unamulika taa ya zambarau, unatazama kwenye hadubini, milango yote hiyo, inang'aa."

"Kama kimulimuli."

"Kimulimuli kisichowaka mpaka kifike kwake."

Mama akabaki na kiazi mkononi. Hakuwahi kusikia neno zuri kama hilo. "Na chako kinawaka?"

Kitinda akarudi kuwa yule wa siku zote. "Hakiwaki," akasema, akainuka.

Profesa alikuwa mtu wa sauti ndogo. Hakuwahi kumfokea mtu. Alikuwa akikutukana kama anayekutakia heri. "Dokta Mtarajiwa," alimwambia Kitinda mbele ya wenzake, mara kwa mara, "rangi yako bado imelala? Usiiamshe, maskini. Imechoka." Wote wanacheka. Aliyecheka zaidi ni mwenzake Kitinda wa meza ya pili, kijana mmoja waliyemwita Mrefu, kwa sababu alikuwa akiinama kupita milangoni. Kisha siku moja Profesa hakutania. Alisema mwisho wa muhula kama hakuna kinachowaka, Kitinda atafungasha, na nafasi yake ataipata mtu anayejua kuwasha taa.

Mama Chupa aliyasikia hayo akiwa anasukuma kigari cha vyombo koridoni. Magurudumu ya kigari yakasimama yenyewe.

Tangu hapo hakupata usingizi wala raha. Atamsaidiaje? Rangi haijui, hadubini hajawahi hata kuigusa. Kitu alichokijua duniani ni kuosha. Basi akasema moyoni, vioo vya mwanangu nitaviosha mimi kuliko nilivyowahi kuosha kitu chochote.

Ukutani katika chumba cha kuoshea palikuwa na karatasi iliyopauka rangi, yenye maneno manne: sabuni ya dumu la buluu tu, suuza mara tatu kwa maji ya bomba, suuza mara tatu kwa maji ya mtambo wa kuchujia, kausha tanurini. Siku yake ya kwanza kazini, msimamizi wa wakati ule alimwambia sabuni nyingine ni marufuku, inaharibu kazi. Akauliza inaharibuje. Akajibiwa, "Wewe osha." Hakuuliza tena, si siku ile wala miaka kumi na tisa iliyofuata.

Lakini sabuni ya dumu la buluu hakuipenda kamwe. Haitoi povu, haina harufu, inaacha vyombo na uso wa mgonjwa. Nyumbani alikuwa na sabuni yake ya unga, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Alianza kuinunua Kitinda akiwa darasa la nne, alipomkuta nyuma ya nyumba analia kwa kuwa wenzake wamemwita Meno ya Mzee, kwa umanjano wa shati lake. Hakupita tena siku hata moja binti yule akaenda shule na shati lisilotoa macho ya watu maji. Kwa hiyo, alipotaka kumtendea mwanawe jema, mkono wake ulijiendea wenyewe kwenye unga ule.

Alichagua vioo sitini visivyo na mkwaruzo. Akavilaza katika maji ya vuguvugu yenye unga mwingi tangu asubuhi mpaka mchana, akavipangusa kimoja kimoja kwa kitambaa laini, akavisuuza mara moja tu, kwa kuwa alivyoona vinavyometa aliona kuvisuuza zaidi ni kuviondolea baraka. Akavikausha, akavipanga katika kopo la bati, akalifunga kwa kifuniko chekundu.

Jioni akamwambia Kitinda, "Kopo la kifuniko chekundu ni lako. Kila wiki nitalijaza. Asilitumie mwingine."

"Haya," akajibu Kitinda, bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Hakuuliza vimeoshwaje. Watu wa juu hawaulizi.

Sasa, kila jaribio lilikuwa na vioo vya aina mbili. Kwenye vingine seli zinapewa rangi. Kwenye vingine hazipewi, vinakaa vya kulinganishia tu, ili ijulikane giza lina sura gani. Kitinda alipofungua kopo na kuona vinavyometa, alifanya kama alivyolelewa. Kwao kulikuwa na vikombe sita vya maua vilivyokaa kabatini kwa ajili ya wageni, na wao wenyewe wakinywea vya bati. Basi vioo vizuri akavipa rangi yake. Vile vya kulinganishia akavitoa kwenye rafu ya wote, vilivyokwaruzika, vilivyooshwa kwa sabuni ya dumu la buluu.

Rangi ikawaka.

Mama Chupa alijua kabla hajaambiwa. Juu ya dari viatu vilikimbia, vikasimama, vikaruka. Akaegemea sinki akacheka peke yake. Kufika mchana picha zilikwisha kubandikwa koridoni: duara za buluu juu ya weusi, kama mwezi mwingi umemwagwa. Kwenye vya kulinganishia, giza tupu. Profesa alileta keki. Wakaila wima, wakipiga makofi, naye Mama Chupa akapita na kigari chake polepole kuliko kawaida, labda atatazamwa.

Kitinda akamwona. Akamnyooshea boksi tupu la keki. "Mama Chupa, nitupie hili."

Alilichukua. Pembeni pa boksi palikuwa na kipande kimebaki, kimeachwa makusudi au kimesahauliwa, hakujua. Alikila kule chini kwenye chumba cha kuoshea, akiwa amesimama, akaona kitamu.

Furaha ile ilidumu wiki tano. Profesa akataka picha ziende kuchapishwa, na kabla ya kuchapisha, mtu wa pili sharti alirudie jaribio. Akapewa Mrefu. Mrefu akachukua rangi ya Kitinda, akafuata hatua za Kitinda neno kwa neno, ila vioo alichukua vya rafuni, kama kila mtu. Akatazama. Giza. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Akaja na picha zake nyeusi, akazibandika kando ya zile za buluu, bila kusema kitu. Alikuwa na tabasamu dogo la mtu anayechokonoa meno.

"Dokta Mtarajiwa," Profesa akasema kwa ile sauti ya heri, "nimekuwa nikijiuliza. Wewe unachora?"

"Sichori, Profesa."

"Maana zipo programu za kompyuta siku hizi, zinatia buluu vizuri sana. Si dhambi kuchora. Dhambi ni kuniletea mimi."

Likawekwa jopo, Alhamisi, saa nne asubuhi. Kosa la kughushi matokeo lilikuwa na adhabu moja: kufutwa, na jina kupelekwa vyuo vyote, asipokelewe tena popote. Kitinda alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Hakula.

"Mwanangu, ulichora?" mama aliuliza. Ilibidi aulize.

Kitinda alimgeukia na macho makavu. "Hata wewe? Unajua nini wewe? Kaoshe chupa."

Jumanne Mama Chupa alitumwa kupangusa chumba cha hadubini. Ni chumba kisicho na dirisha, chenye mapazia meusi. Fundi wake, waliyemwita Fundi Taa, alikuwa anarekebisha taa ya zambarau na hakujisumbua kuizima.

"Ingia, Mama Chupa, usiogope. Looh! Angalia ulivyo! Umekuwa jini."

Akajitazama. Aproni yake nyeupe ilikuwa inawaka. Kuanzia shingoni mpaka magotini, buluu ya kuumiza macho, na leso aliyofungia kichwa nayo inawaka, na chini ya kucha zake kuna mistari ya buluu.

"Ni nini hii?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sabuni yako ya nyumbani. Ile ya unga, ya kung'arisha. Unadhani nguo inakuwa nyeupe kweli? Wanatia dawa inayowaka, inadanganya macho tu. Ukifua nayo, inaganda kwenye nguo." Fundi akacheka. "Ndiyo maana humu mnakatazwa. Ingekuwa mnaoshea vyombo, kila kitu hapa kingekuwa disko. Hukuwahi kuambiwa?"

"Sikuwahi."

Alitazama pindo la aproni. Buluu ileile. Ileile kabisa ya picha za koridoni. Akashika ukingo wa meza, na Fundi Taa akamwambia asiguse meza, ina mitambo.

Hakungoja jioni. Kwa mara ya kwanza alivunja ahadi, akapanda ghorofani, akasimama mlangoni mwa maabara. Mrefu akamwona. "Vyombo havijakusanywa bado, mama. Rudi saa saba." Kitinda aliinua kichwa, uso ukamsawijika. Akatoka, akampita mama yake bila kumtazama, wakakutana chini, mlango ukafungwa.

Alimweleza yote. Unga, kopo, aproni. Kitinda alisikiliza bila kupepesa. Akachukua kioo kimoja kutoka kopo la kifuniko chekundu, akatoka nacho. Alirudi baada ya robo saa.

"Kinawaka chenyewe," akasema. "Hakina seli, hakina rangi, hakina chochote. Kinawaka."

"Nisamehe, mwanangu."

"Kwa hiyo seli zilinyonya sabuni tu, rangi yangu haijawahi kuwaka. Hata siku moja. Ile keki yote." Akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Umenifulia kazi yangu, mama. Umenifulia kama shati."

"Nitawaambia. Alhamisi nitaingia niwaambie ni mimi. Wataona hukughushi."

"Watauliza kwa nini vyangu tu. Vya Mrefu haviwaki, vya mtu yeyote haviwaki. Kwa nini vyangu? Utasema nini? Kwa sababu ni mwanangu?"

Maji yalikuwa yanadondoka bombani. Kitinda akalifunga kwa nguvu, akakaa akilitazama kwa muda, kama anayepiga hesabu. Kisha akasema, taratibu, "Utasema ulinichukia."

"Nani?"

"Wewe. Nilikukaripia siku moja juu ya vyombo vichafu, ukaweka moyoni. Ulijua sabuni ile inaharibu kazi, uliambiwa siku ya kwanza, kwa hiyo ukaitia kwenye vyangu makusudi. Wakiamini umekosea tu, watanicheka mimi, watasema sikuangalia vioo vyangu. Lakini nikiwa nimefanyiwa ubaya..."

"Kitinda."

"Watakuonya tu. Miaka kumi na tisa, hawawezi kukufukuza kwa ajili ya vioo sitini. Mimi ndio nitafukuzwa. Mama, unataka nifukuzwe?"

Alimtazama mwanawe. Alitafuta kwenye uso ule yule mtoto wa nyuma ya nyumba, wa shati la manjano. Alimwona, au alijilazimisha kumwona. "Haya," akasema, kama alivyosema siku ya pasi. "Nilikuchukia."

Jopo lilikuwa la watu watatu: Profesa, mama mmoja wa ofisi ya masomo mwenye miwani ya mnyororo, na mzee wa idara nyingine aliyekuwa ameshiba akisinzia. Fundi Taa aliitwa, akamulika kopo la kifuniko chekundu mbele yao mapazia yakiwa yamefungwa. Vioo vyote vikawaka. Mzee akaamka.

Mama Chupa alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakupewa kiti. Kitinda alikaa mbele, mgongo umemnyooka.

"Kwa nini ulifanya hivi?" aliuliza mama wa miwani.

"Alinikaripia."

"Alikukaripia ukafanya hivi?"

"Niliweka moyoni."

"Na ulijua sabuni hii inaharibu kazi?"

"Niliambiwa siku ya kwanza."

Profesa aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza wimbo. "Inapendeza. Mimi miaka yote nilidhani chini kule hakuna akili. Kumbe ipo, ila ni ya namna hii. Mama Chupa, wewe una watoto?"

Hilo hawakuwa wamelipanga. Alitazama mgongo wa Kitinda, ule mgongo alioubeba, na mgongo haukutikisika.

"Ninao."

"Wangapi?"

"Wawili. Wavulana."

"Afadhali," akasema Profesa. "Mungu anajua anachofanya. Mwenye roho kama hii hapewi binti."

Mama wa miwani akamgeukia Kitinda kwa upole. "Umewahi kumkosea huyu mama, zaidi ya hilo la vyombo?"

"Simfahamu," akasema Kitinda, "zaidi ya kumpa vyombo." Na machozi yakamtoka. Wote wakamhurumia, Fundi Taa akampa karatasi ya kufutia lenzi. Mama yake, kule mlangoni, aliyajua machozi ya mwanawe tangu ya kichanga: haya ni ya njaa, haya ya usingizi, haya ya hila. Haya yalikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Wakanong'onezana. Mzee akasema mama mwenyewe kala miaka mingi kazini, aondolewe kwenye vyombo, apelekwe kufagia uwanja. Profesa akapandisha mabega, kwake yote sawa. Ilikuwa karibu kuisha hivyo.

"Samahani," Kitinda akasema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu. "Naomba asibaki hata uwanjani. Kila siku nitapita mbele yake. Nitakuwa naogopa."

Wakamwelewa. Akapewa miezi sita aanze upya. Mama Chupa akaambiwa aache aproni na kitambulisho kwa mlinzi kabla ya saa saba.

Alishuka chini kuchukua kikombe chake na kandambili zake. Sinki lilikuwa limejaa, vyombo vya asubuhi. Akasimama akivitazama. Mkono ukamwasha, akaviosha vyote, kwa sabuni ya dumu la buluu, tatu za bomba, tatu za mtambo, kisha ndipo akavua aproni. Mlinzi, aliyekuwa akimpa salamu kila asubuhi kwa miaka saba, alikwisha kusikia. Alimpekua mkoba mpaka ndani ya kandambili.

Kitinda alihamia bweni wiki ileile. Alisema ni kwa ajili ya kuwa karibu na kazi. Mama akaanza kufua nguo za watu mtaani kwao, na wateja walimsifu kwa weupe. Miezi ikapita. Hakuwa na dari tena ya kusikilizia, kwa hiyo hakujua mwanawe anakimbia au anazunguka mahali pamoja. Hilo ndilo lililomla kuliko kufukuzwa.

Jumapili moja, saa tisa alasiri, hodi. Kitinda huyo, amenenepa kidogo, amependeza, na mfuko mkononi. "Shikamoo, mama." Mama akakosa pa kushika. Alimkalisha kwenye kiti kizuri, akafungua kabati, akatoa kikombe kimoja cha maua, akakifuta mara mbili, akamtilia chai. Yeye akanywea cha bati.

"Imewaka, mama," Kitinda akasema. "Rangi ya nne niliyoitengeneza. Kwa vioo vya dumu la buluu, na vya kulinganishia vya dumu la buluu. Mrefu amerudia, kwake pia imewaka. Imewaka yenyewe."

"Imefika kwake," mama akasema, na machozi yakamjaa, ya furaha kweli, wala hakuyaonea haya. "Si ulisema? Haiwaki mpaka ifike kwake."

"Nilisema hivyo?" Kitinda akatabasamu, akanywa. Akaanza kusimulia, kama zamani. Amepewa wanafunzi wapya wanne awafundishe. Siku ya kwanza kabisa, kabla hawajagusa kitu, huwa anawaeleza habari ya vioo. "Nawaambia hapa palikuwa na mwanamke mmoja muosha vyombo, alikuwa na kijicho kibaya. Nawasimulia mpaka ile taa, mpaka kopo linavyowaka. Wanacheka, mama! Hawasahau tena kuangalia vioo vyao. Kuna mmoja kaniuliza kama alikuwa mchawi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia labda." Alicheka, akamtazama mama yake, akaendelea kucheka kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Ni hadithi tu. Wewe mwenyewe si unajua."

"Najua," mama akasema.

Kitinda akavuta mfuko. Ndani mlikuwa na koti lake jeupe lenye doa la chai kifuani, na kichupa cha plastiki chenye sabuni isiyo na harufu. "Nisaidie hili. Jumatano nasimama mbele ya wageni. Lakini usifue kwa ile yako ya unga. Tumia hii. Na usuuze mara tatu..."

"Tatu za bomba, tatu za mtambo. Mtambo sina. Nitasuuza sita za bomba."

"Haya." Akainuka, chai bado nusu. Mlangoni akageuka. "Sitaweza kuja mwenyewe kulichukua. Jumanne nitamtuma mmoja wa wanafunzi wangu."

Mama alikuwa amelishika koti kwa mikono miwili, kama mtu anavyoshika mtoto wa kuazima. "Akiuliza mimi ni nani yako?"

Kitinda akafikiri. Alifikiri kweli, uso umetulia, kama alivyokuwa akifikiri mbele ya swali gumu la hesabu akiwa mdogo, naye mama akimtazama pembeni, akiomba moyoni alipate.

"Mwambie wewe ni dobi."